Majani ya Ibambasi na Mtamba wa Kijiji

Mliokaa mbele na mliokaa nyuma, nipeni masikio. Ninayo habari ya Mwasengela, kijiji cha Usukumani, ambako ardhi ni tambarare mpaka jicho linachoka kutazama.

Hapo Mwasengela walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mzee Luhende alikuwa na kipaji cha ng'ombe. Akipiga mluzi, kundi zima linageuka. Akipitisha kiganja ubavuni mwa ng'ombe, anakwambia amekula nini jana na atafika wapi asipokula leo.

Holo, mjane wa makamo, alikuwa na jicho la majani. Chipukizi likiwa bado kama ncha ya sindano, yeye alishajua hili ni la kulisha, hili ni la kuwasha, hili ni la tumbo la mtoto. Jicho hilo alilipata kwa baba yake, aliyekuwa na ngitili kubwa. Yaani yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi.

Na Shija, kijana aliyekuwa mlinzi, alikuwa na kipaji ambacho wengi hawakihesabu. Alijua kunyamaza. Neno likiingia kwa Shija limeingia kaburini.

Basi nje ya kijiji hicho kulikuwa na uwanda ulioitwa Ibambasi, ndilo jina ambalo Wasukuma huupa udongo mgumu usiopokea maji. Zamani yalikuwa malisho. Ikalimwa pamba, ardhi ikachoka. Wakachungwa ng'ombe juu ya uchovu huo, wakala mpaka mizizi. Miti iliyobaki ikawa mkaa. Mwisho ulibaki udongo mweupe kama sakafu ya nyumba iliyohamwa. Mvua ikinyesha, maji hayaingii. Yanateleza na kukimbilia korongoni, na korongo hilo kila masika lilizidi kuisogelea zahanati.

Ikaja kampuni ya umeme wa jua ikitafuta mahali penye jua jingi na watu wachache. Ikaoneshwa Ibambasi. Wakakubaliana hivi: uwanda ubaki mali ya kijiji, kampuni iukodi. Kijiji kipate umeme zahanati, pampu ya kisima kirefu, chumba cha kupozea maziwa ya akina mama, na kazi kwa wenyeji kabla ya wageni. Kampuni nayo iliomba jambo moja tu, kwamba mfugo usikanyage ndani ya uzio, maana nyaya na vioo havijui kucheza na pembe.

Siku ya makubaliano aliyesimama kukisemea kijiji alikuwa mzee Luhende. Alisimama wima, fimbo mkononi, akasema, "Ng'ombe wa Mwasengela hawatavuka uzio huu. Atakayevusha wa kwake, na tumtoze ng'ombe mbele ya mkutano kama huu." Watu wakapiga makofi. Neno la Luhende lilikuwa kama mhuri.

Shamba la jua likajengwa, mistari kwa mistari ya paneli, ukiitazama kwa mbali unadhani ni ziwa. Na neema zikaja kweli. Akina mama wakajifungua penye taa. Chanjo zikakaa kwenye friji. Pampu ikavuta maji, na binti aliyekuwa akiamka kufuata kidimbwi cha matope akawa anaamka kwenda shule. Hakuna aliyelalamika.

Tatizo lilikuwa vumbi. Ule udongo mtupu ulipopigwa na upepo ulipanda na kulala juu ya vioo, vikawa kama macho yenye mtoto wa jicho. Umeme ukapungua. Injinia wa shamba, mwanamke wa Kichaga aitwaye Aikande, akawaita wanakijiji akawaambia, "Mvua za mwaka huu zikiisha, nitamwaga kokoto uwanda mzima. Vumbi litakoma."

Holo, aliyekuwa kibarua wa kung'oa magugu humo, akauliza, "Na siku mkiondoka, mama, sisi tutalisha kokoto?"

Aikande hakukasirika, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu Holo, sina dawa nyingine. Umeme ukizidi kupungua, hata pampu yenu itasimama. Ninyi mnayo dawa?"

"Hatuna," wakajibu.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Luhende alikuwa amewapeleka ng'ombe wake mbali, mabondeni, ambako majani yalikuwa yamekomaa na kudondosha mbegu. Walikula siku chache tu, wenyeji wa kule wakamfukuza. Njiani kurudi walianguka mmoja mmoja, naye akawaacha, maana maiti ya ng'ombe haibebeki. Aliyeondoka na kundi akarudi na wachache wa kuhurumiwa, miguu ikitetemeka. Akawatazama, akapitisha kiganja ubavuni, na kiganja kikamwambia habari ambayo hakutaka kuisikia.

Ndani ya uzio, chini ya kingo za paneli ambako umande ulidondoka kila asubuhi, kulikuwa na ukijani kidogo, mwembamba kama uzi.

Siku iliyofuata alikufa mzee Buyegi. Huyu Buyegi alikuwa rika la Luhende. Walichunga pamoja utotoni, walicheza ngoma pamoja ujanani, na kila mmoja alisimama kwenye harusi ya mwenzake. Kijiji kizima kikaenda kuzika. Ibambasi ikaonekana haina mtu. Luhende akamwambia mkewe, "Tangulia, nakuja." Akachukua koleo la kukatia waya.

"Nitawahi kutia udongo," alijiambia alipokuwa akikata waya wa kwanza.

Hakuwahi. Ng'ombe walipoingia, wingu lililokuwa limekaa juu ya kijiji tangu asubuhi likapasuka, ikashuka mvua nzito ya mara moja. Ule udongo mgumu ukalainika. Ng'ombe wakatembea kati ya mistari wakifuata uzi wa kijani, kwato zikizama, kila alama ya kwato ikijaa maji. Wakanya humo kinyesi cha njia ndefu, chenye mbegu za mabondeni. Luhende alijua kuwapeleka. Aliwazungusha mstari kwa mstari ili pembe zisiguse kioo hata kimoja, na kipaji chake kilifanya kazi siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliona fahari kidogo. Kisha akageuka, akamwona Shija, mlinzi wa zamu, amesimama katika mvua.

Akamsogelea.

"Mwanangu Shija," Luhende akaanza. Fimbo ilimponyoka. "Mwanangu, usinivue nguo."

Shija aliwatazama ng'ombe, akamtazama mzee, akainama akaokota ile fimbo na kumrudishia kwa mikono miwili, kama kijana anavyompa mzee wake kitu. Hiyo heshima ndiyo iliyomchoma Luhende. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Simu ya upepo iliyoning'inia kiunoni mwa Shija ikakoroma, sauti ya msimamizi ikauliza hali ya upande wa mashariki.

"Shwari," akajibu Shija.

Wakawatoa ng'ombe, kijana akaufunga ule waya kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni mke wa Luhende, Nyanzobe, alirudi kutoka msibani. Alikuta ng'ombe wamelala wanacheua.

"Wameshiba," akasema.

"Wamepata kidogo."

"Wamepata wapi, baba Kwilasa?"

Nyanzobe akatazama matope meupe yaliyokauka kwenye kwato. Mwasengela nzima matope meupe yako mahali pamoja tu. Akaketi, akafungua kilemba chake cha msibani polepole.

"Wana wa Buyegi waliuliza ulipo. Nikawaambia umelala na homa. Wamekutumia pole." Akanyanyuka. "Wamesema kesho watakuja kukuangalia."

Wakaja kweli, wana wa marehemu, na uji wa mgonjwa. Luhende akalala kitandani mchana kweupe, akaunywa.

Zikapita wiki chache. Mvua zilizokuja nyuma zikawa nzuri, na mahali pote palipokanyagwa na kwato pakaota majani. Siyo uzi tena, mkeka. Kila Luhende alipopita njia ya kisimani aliyaona, mistari ya kijani ikifuata mzunguko ule ule aliowazungusha ng'ombe wake, kana kwamba mtu ameandika kosa lake ardhini kwa herufi kubwa. Akaanza kwenda kisimani kwa njia ya nyuma.

Siku moja alipita tena njia ile ya kwanza, maana njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji. Vibarua walikuwa wameinama ndani wakipalilia. Amri ilikuwa kung'oa kila kinachoota, ili uwanda uwe safi kwa ajili ya kokoto. Holo alikuwa amejitenga mstari wa mwisho, upande wa mashariki. Luhende alisimama kumwangalia. Mkono wa Holo ulishuka, ukang'oa mbigili, ukaruka majani, ukang'oa mbigili nyingine, ukaruka majani. Alikuwa ameyatambua. Yalikuwa majani yale yale ya ngitili ya baba yake, yaliyopotea Mwasengela tangu yeye hajaolewa.

Msimamizi akapaza sauti kutoka mbali, "Mama Holo, huko kumekwisha?"

"Kumekwisha!" akajibu Holo.

Alipoinua uso alikutana na macho ya Luhende nje ya uzio. Akashtuka. Akavuta khanga yake begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nimeomba mstari huu niwe napalilia peke yangu. Nalipwa kwa kazi ambayo siifanyi. Watoto wangu wanakula ujira wa uongo. Utanisema?"

"Mimi ni nani nikuseme?" alijibu Luhende, akaondoka haraka. Holo akadhani ni unyenyekevu wa mtu mzima. Akamheshimu zaidi.

Lakini majani yakiachwa yanakua. Yakapanda mpaka kingo za chini za vioo, yakaanza kuvitia kivuli. Siku yoyote injinia angepita akayaona, yangepigwa sumu, na kokoto juu yake. Hapo ndipo Luhende alipoona jambo jingine. Zamu ya Shija, upande ule wa mashariki, kondoo walikuwa ndani. Kondoo wa Shija mwenyewe, wanono, wakila chini ya paneli. Kondoo hafiki kwenye kioo wala hapandi juu kama mbuzi. Anakata majani sawasawa kama kinyozi, na anaacha mbolea. Shija alikuwa mlinzi wa mlango, na kwa mlango huo huo aliingiza mifugo yake.

"Baba," alisema Shija alipomwona, akainamisha kichwa, "siku ile nilijifunza kwamba uzio unafungika tena." Hakusema zaidi. Na Luhende akajua kwamba kijana huyu, aliyekuwa mwaminifu, ameharibika kwa mkono wake yeye mzee.

Mvua zikaisha. Malori ya kokoto yakaja mpaka barabara kuu. Lakini injinia Aikande, alipokagua vioo, aliona kitu cha ajabu. Upande wa mashariki vioo vilikuwa safi. Maji ya kuvioshea yalikuwa hayajatumika nusu. Akaingia kwa miguu. Akaona majani mafupi yameshika udongo kama nywele zinavyoshika kichwa. Akaona tope la mvua halikwenda korongoni, limekaa. Kanga wa porini wakaruka mbele yake. Akasimama pale muda mrefu, kisha akapiga simu malori yarudi.

Alikuwa ameona mavi ya kondoo kati ya majani, lakini hakuuliza mengi. Aliita mkutano, akawaambia wanakijiji, "Mlisema hamna dawa, kumbe mlikuwa nayo." Tangu siku hiyo yakawekwa makubaliano mapya: kondoo wa kijiji waingie kwa zamu chini ya paneli, na majani yaliyo kati ya mistari yakatwe, yakaushwe, yafungwe marobota kwa ajili ya ng'ombe. Ibambasi nzima ikawa ngitili, yenye paa la vioo.

Mwaka uliofuata ukawa ule ukame mnaoukumbuka. Vijiji jirani ng'ombe walilala wakaisha. Watu waliuza ngozi kwa sababu hapakuwa na nyama ya kuuza. Mwasengela walifungua ghala la marobota. Ng'ombe wao wakala, nao wakabaki na cha kumpa mwenye shida kutoka mbali. Pampu haikusimama hata siku moja. Na lile korongo, lililokuwa limebakiza hatua kadhaa kuifikia zahanati, likaota majani kingoni, likatulia.

Mvua ziliporudi, kijiji na kampuni wakaitisha mkutano wa shukrani. Wakaleta mtamba mmoja mwekundu, mwenye mimba yake ya kwanza, mzuri kama bibi harusi. Mwenyekiti akatangaza sharti la wazee: mtamba huyu ni wa mtu mmoja, yule aliyeyaleta majani. Hagawanywi, hauzwi, wala harudi zizini alikotoka.

"Na kwa kuwa hatumjui mmoja," akaendelea mwenyekiti, "sisi tumeona hivi. Majani yaliota kwa sababu ardhi ilipumzishwa. Ardhi ilipumzishwa kwa sababu tulishika neno. Na aliyetushikisha neno ni mzee Luhende. Mifugo yake ilikufa njiani, lakini hakuvusha ng'ombe hata mmoja! Mzee, njoo uchukue."

Makofi. Vigelegele. Kamba ikawekwa mkononi mwake.

Luhende alisimama. Aliwaona wana wa Buyegi mstari wa mbele wakishangilia. Alimwona Nyanzobe, ambaye hakupiga makofi wala hakuinua uso. Alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa khanga yake. Joto likampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Aliwahi kuona njaa na aliwahi kuona msiba, lakini hakuwahi kuona kitu kizito kama kile kipande cha kamba.

"Mimi sikuumwa," akasema.

Watu hawakuelewa.

"Siku ya kumzika Buyegi. Sikuwa na homa. Nilikuwa Ibambasi, nimekata uzio, nalisha ng'ombe. Kwato zao ndizo zilizouvunja ule udongo, na mbegu zilitoka matumboni mwao. Mnanipa zawadi ya kushika neno, na mimi ndiye niliyelivunja. Uji wenu," akawageukia wana wa Buyegi, "niliunywa nikiwa mzima."

Mwana mkubwa wa Buyegi alisimama, akamtazama Luhende, kisha akavaa kofia yake na kutoka mkutanoni. Luhende akamfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya zahanati.

Holo naye akasimama. "Kama ni hivyo, nami nina langu. Niliagizwa kuyang'oa nikasema nimeyang'oa. Nimekula ujira wa bure." Akaketi, akafunika uso kwa khanga.

Macho yote yakamwendea Shija, yule asiyesema. Akasema, "Nilimwona mzee akilisha, nikamwona Holo akiyaacha majani, nikanyamaza. Kisha nikaingiza kondoo wangu. Niliajiriwa kulinda mlango, nikaufanya wangu."

Hapo mkutano ukawaka.

"Apewe Luhende!" wakasema wengine. "Bila kwato na mbegu, jicho la Holo lingeona nini? Kondoo wa Shija wangekula vumbi?"

"Apewe Luhende?" akadakia bibi mmoja. "Luhende mwenyewe alisema atakayevusha atozwe ng'ombe. Huyu anadaiwa mtamba, hadai. Watoto wetu watajifunza nini? Apewe Holo. Bila yeye yale majani yangekufa yakiwa na urefu wa kidole."

"Holo alilipwa tayari," mwingine akajibu, "na kwa kazi asiyoifanya. Apewe Shija. Angefungua mdomo mara moja tu, tungekuwa tunatembea juu ya kokoto leo. Na bila kondoo wake majani yangefunika vioo, yakapigwa sumu."

"Shija alinenepesha kondoo wake! Wale wawili walau Luhende alisukumwa na njaa ya ng'ombe, na Holo alisukumwa na huruma."

Wakamgeukia injinia. Aikande akatikisa kichwa. "Kwa sheria za kazi, Holo na Shija ilibidi niwafukuze, na mzee nimshitaki. Kwa macho yangu, hawa watatu wameniokolea shamba. Na mimi ndiye niliyeleta malori ya kokoto. Mimi si wa kuamua hapa."

Mwenyekiti akamwita Luhende aseme ampendekeze nani. Mzee akaiweka kamba chini taratibu. "Nisipewe mimi," akasema, "na msinipe hata heshima ya kuchagua." Holo naye akakataa. Shija akatikisa kichwa tu.

Mtamba akafungwa mtini mbele ya ofisi ya kijiji. Nyumba kwa nyumba wanampelekea majani na maji, lakini hakuna anayeifungua kamba. Luhende alikwenda kwa wana wa Buyegi, akakaa mlangoni asubuhi mpaka jua likageuka, hakufunguliwa. Kesho yake akaenda tena. Nyanzobe anampikia, wanakula pamoja, hawazungumzi mengi. Uwanda wa Ibambasi umejaa kijani, na watu wanaopita humo wakiwa na mizigo ya majani kichwani hawajui wamshukuru nani kwa sauti.

Sasa tumbo la mtamba limeshuka, kiwele kimejaa. Akizaa pale pale mtini bila mwenyewe, wazee wanasema itakuwa aibu ya kijiji kizima.

Basi nyie mliosikiliza mpaka hapa: kiapo kilichovunjwa, ujira ulioliwa na mlango uliosalitiwa, vyote vimezaa majani yale yale. Mkiitwa asubuhi kuifungua ile kamba, mtaikabidhi kwa nani, na mtamtazamaje usoni?